Mama Geti na Magunia ya Siri

Shangazi yangu akicheka, kuku wa jirani wanatimua mbio. Siongezi chumvi. Kicheko chake kinaanzia tumboni, kinapanda taratibu kama birika linalotaka kuchemka, halafu kinalipuka. Mara ya kwanza ukikisikia utadhani kuna mtu kaangukiwa na kabati. Nakuambia mapema kwa sababu kuna Jumamosi moja kilikawia, na mimi kilichonitisha siku ile kuliko vyote ni kile kimya chake.

Mtaani anaitwa Mama Geti. Jina la kubatizwa analijua mwenyewe na mchungaji. Jumamosi asubuhi ukipita nyuma ya kanisa, pale katikati ya ukuta wa shule na gereji, utamkuta kasimama kwenye geti la bati, kavaa buti za mpira za marehemu mumewe. Zinamzidi, kwa hiyo kajaza matambara ndani zisimtoke. Ufunguo wa geti kauning'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu. Kamba nilimpa mimi. Nauza viatu vya mitumba barabarani, kamba zinabakigi.

Kila anayeingia anaambiwa maneno yale yale.

"Karibu. Shika jembe."

Basi. Hakuulizi unatoka wapi, una watoto wangapi, wala umekula lini mara ya mwisho. Unapewa jembe au keni ya maji, unapewa na kikapu. Unapalilia kidogo, unamwagilia kidogo, unapiga soga na aliye karibu yako, halafu unakata mboga zako unaondoka. Na hapa ndipo pana ujanja wake: wale waliokuja kujitolea, akina mama wa kwaya, fundi cherehani, hata mke wa mchungaji, nao lazima watoke na kitu kikapuni. Ni lazima kabisa. Ukijifanya umeshiba kwako, shangazi anafunga geti na anakukodolea macho mpaka ukate. Kwa hiyo ukisimama nje ukawatazama watu wanavyotoka, huwezi kujua nani kaja kusaidia na nani kaja kusaidiwa. Wote wana matope, wote wana mboga.

Hili hakulisoma mahali. Lilimkuta.

Mumewe alikuwa fundi bomba. Alipofariki, shangazi alibaki na chumba kimoja, bafu la pamoja na majirani, na kazi ya kufua nguo za watu. Ikaja miezi kazi ikawa haipatikani. Akaenda kanisani kuomba msaada. Wakamwita mbele siku ya Jumapili, watu wamejaa, wakasoma jina lake kwenye kipaza sauti, wakampa mfuko wa unga na wakampiga picha. Akaushika ule unga kama nahodha kashika kombe. Picha ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na mlango, na hakuna aliyekumbuka kuibandua. Kila Jumapili anaingia kusali anajikuta hapo ukutani, na unga wake. Unga uliisha, picha ikabaki. Mpaka jua likaifuta uso, ukabaki mfuko tu.

"Unga ulikuwa mzuri," huwa anasema. "Nilichokosa ni mahali pa kuweka uso wangu."

Siku moja akaenda kwa mchungaji akamwomba kile kiwanja cha nyuma ya kanisa. Kilikuwa kimejaa mabenchi yaliyovunjika, vipande vya bati na majani ya kufika kifuani. Mchungaji akadhani anataka kuanika nguo. Akamwambia, "Chukua, mama." Akachukua kweli. Alipasafisha pale peke yake mpaka mikono ikatoka malengelenge, baadaye akina mama wa kwaya wakaona aibu wakaja. Ndivyo shamba lilivyoanza. Lina matuta ya kabichi, mchicha, nyanya, na kwenye uzio kuna viazi vitamu vinavyotambaa vinakotaka.

Sasa kila shamba lina wadudu wake. La kwetu mdudu alikuwa Mzee Kufuli.

Mzee Kufuli ana duka la vifaa vya ujenzi barabara kuu, misumari, makufuli, rangi, kamba. Ndiye pia mweka hazina wa kanisa. Mjane, anaishi chumba cha juu ya duka, mashati yake yamepigwa pasi mpaka yana makali. Na viatu vyake! Mimi nimeshika viatu vingi, vya ngozi, vya plastiki, vya wafu na vya wazima, lakini viatu vinavyong'aa kama vya yule mzee sijapata kuvishika. Alikuwa anasimama nje ya uzio wa shamba, mikono nyuma, anatazama. Ndani haingii. Matope.

Kwenye kikao cha kanisa akasema hivi: pale nyuma tukijenga maduka ya kupangisha, kodi yake italisha maskini wengi kuliko mchicha. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, damu ikanipanda.

"Na hao maskini utawapiga picha au utawachora?" nikaropoka.

"Pilipili!" shangazi akanikata jicho. Ndilo jina aliloniita tangu mdogo, na unaona mwenyewe kwa nini. "Kaa chini. Mzee ana hoja."

"Hoja gani, shangazi? Huyu anataka..."

"Kaa. Chini."

Nikakaa. Yeye akasimama, buti na kila kitu, akasema mbele ya kikao kizima: "Siku ya mavuno makubwa, mwisho wa msimu huu, mje wote mtazame. Kila kikapu kitakachoingia getini kitoke na kitu. Kikapu kimoja, nasema kimoja, kikitoka kitupu, huu hapa ufunguo. Jengeni."

Mzee Kufuli akasema, "Tumekubaliana, mama." Na mwandishi wa kikao akaandika. Mimi nilitamani kumvuta sikio. Shangazi gani anaweka maisha yake rehani kwa kikapu? Maana lile shamba ndiyo maisha yake, usidanganyike. Siku ambazo haendi anakuwa mdogo, anazunguka chumbani kwake, anapanga vikombe ambavyo vimeshapangwa.

Msimu ulianza vizuri, halafu kabichi zikanyong'onyea. Majani yakawa na rangi ya mtu aliyeugua. Jumapili, wakati wa matangazo, shangazi akasimama akasema mboga zimedhoofu, zinataka samadi, mwenye nayo asisite. Akakaa. Baada yake akapanda mchungaji na mahubiri ya siku hiyo.

Kama kuna mtu wa kulaumiwa ni mchungaji. Alihubiri kuhusu kutoa bila kuonekana. Alihubiri mpaka jasho likalowesha kola. Kwamba ukitoa huku unatazamwa, malipo yako ndiyo hayo macho ya watu, umeshalipwa, nenda nyumbani. Lakini ukitoa mke asijue, jirani asijue, hapo sasa ndipo mbinguni wanageuka kukutazama. Sijawahi kuona watu wanatoka kanisani kimya vile. Kila mmoja kainamisha macho, kila mmoja ana jambo lake moyoni. Nikasema leo neno limewaingia.

Liliwaingia, tena vibaya.

Wiki ile shangazi hakuwepo. Mdogo wake alikuwa amejifungua, akaenda kumsaidia kukanda na kufua. Ufunguo akauacha kwenye msumari nyuma ya ubao wa matangazo, mahali ambapo kanisa zima linajua. Mvua ikawa inanyunyiza-nyunyiza kila siku, kwa hiyo hakukuwa na haja ya mtu kwenda kumwagilia. Mimi nilikuwa na viatu vyangu barabarani, nafunika na nailoni, nafunua, nafunika. Wote tulijua hakuna aliyekanyaga shambani wiki nzima.

Jumamosi shangazi akarudi alfajiri, akachukua ufunguo wake kwenye msumari, akaja moja kwa moja. Mimi nilikuwa nimemsindikiza, nimebeba mfuko wake. Hatujafika getini, harufu ikatupokea. Harufu ile ukiivuta, machozi yanakutoka kabla hujajua unalilia nini. Akafungua geti.

Kabichi zilikuwa zimeungua. Pembeni majani kahawia, makavu, utadhani mtu kapita na kiberiti. Mashina yamelainika. Nyanya zimelala kifudifudi. Na chini, juu ya udongo wote, kwenye kila tuta, limelala blanketi nene la mbolea ya kuku, mbichi, bado ina manyoya. Shangazi akachuchumaa, akaingiza mkono kwenye udongo, akautoa haraka.

"Una homa," akasema. "Udongo una homa, Pilipili. Hii ilitakiwa ioze kwanza miezi. Nani kaimwaga hivi?"

Akageuza ndoo akaikalia. Akatazama matuta yake. Nikangoja aseme neno, acheke, alie, atukane, chochote. Kimya. Anauzungusha ufunguo kwenye kamba ya kiatu, anauzungusha. Nikajua anawaza kikao, kikapu, maduka.

Mimi kukaa kimya sijui. Nikaanza kuzunguka uzio kama mbwa aliyepoteza mfupa, nikakuta gunia tupu mtaroni. Nikaligeuza. Lina chapa ya duka la Mzee Kufuli, nyekundu, kubwa, ukubwa wa sahani.

Sikumuaga shangazi. Nilitoka pale naona njia tu.

Dukani kulikuwa na watu. Mzee alikuwa nyuma ya mizani anapima misumari. Fundi cherehani alikuwa kwenye benchi anasubiri mafuta ya cherehani yake. Nikalitupa gunia juu ya mizani, misumari ikaruka kila upande.

"Shikamoo mzee, na hili gunia ni la nani?"

"Binti, taratibu..."

"Taratibu ya nini? Ulishindwa kungoja? Si mlikubaliana mwisho wa msimu? Mtu mzima, mvi kichwani, viatu vinang'aa, unaingia shamba la mjane unamuunguzia mboga ili ujenge maduka! Haya, nyie wateja, tazameni vizuri, huyu ndiye anayewahesabia sadaka!"

Watu wameacha kununua. Mtu mmoja alikuwa ameshika kopo la rangi, kaganda nalo hewani. Nikangoja mzee akane, maana nilikuwa na mengine nimeyaweka akiba. Hakukana. Akavua miwani, akaifuta na ncha ya shati, shati lile lenye makali ya pasi.

"Ni mimi," akasema.

"Nilijua!"

"Zimeungua?"

"Usijitie hamnazo, mzee. Zimekaushwa!"

Akakaa juu ya ndoo ya rangi. Uso umemshuka. "Nilisikia yale mahubiri," akasema kwa sauti ndogo, hata mimi ikabidi nisogee. "Nikaona mboga za yule mama zinavyodhoofika. Nikasema kubishana naye ni kikao, lakini kumtakia mabaya simtakii. Nikachukua gunia moja la mbolea. Gunia moja tu, binti. Nikalimwaga asubuhi na mapema nisionekane."

Hasira yangu ilikuwa imeshapanda juu ya paa, sasa ngazi imeondolewa. Halafu akili ikarudi.

"Gunia moja? Mzee, gunia moja haliwezi kufunika matuta yote yale. Yule mama kafunikiwa shamba zima!"

Kwenye benchi fundi cherehani akakohoa. Akakohoa tena.

"Una nini wewe?" nikamgeukia.

"Hapana. Ila..." Akatazama mlangoni kama anayepima umbali. "Hata mimi nilipeleka kigunia. Kimoja. Jumanne."

"Wewe?"

"Nilikuta kuna kingine kimeshamwagwa, nikajua mama kaanza kuweka mwenyewe kabla ya kusafiri, nikaongezea. Nisingesema, dada, mahubiri yalikataza."

Aliyeshika kopo la rangi akaliweka chini polepole. "Jumatano," akasema.

Tukatazamana wote. Mbolea ya kuku mtaani kwetu inauzwa na mtu mmoja, Baba Kuku, ana mabanda nyuma ya gereji. Tukafunga duka, Mzee Kufuli mbele, mimi, fundi, na yule wa rangi, tukaenda. Tukamkuta Baba Kuku anawawekea kuku maji ya kunywa. Alipotuona tumeongozana hivyo, akaweka ndoo chini na akainua mikono juu kama kashikiwa bunduki.

"Msiniulize," akasema. "Nimeapa."

"Umeapa kwa nani?" nikamuuliza.

"Sema sijaapa kwa nani! Kila anayekuja ananiapisha. Baba Kuku, usiseme. Baba Kuku, ni siri yangu na Mungu. Wiki nzima nimeapa mpaka mdomo umekauka. Mabanda yangu hayajawahi kuwa safi hivi tangu nianze kufuga."

"Akina mama wa kwaya?"

Akatazama pembeni.

"Wote?"

Akakuna shingo.

"Na mchungaji je?" Mzee Kufuli akauliza.

Baba Kuku akatazama juu, akatazama mawingu, akayatazama tena. "Mchungaji," akasema, "alichukua mawili."

Tuliporudi shambani, tulikuwa tumeshakuwa kundi. Habari mtaani ina miguu mirefu. Mchungaji alikuwa ameshafika, kasimama mbele ya ndoo ya shangazi, Biblia kwapani, anaeleza kitu huku anatazama chini kama mwanafunzi. Nyuma yake akina mama wa kwaya wamejipanga, kila mmoja anangoja zamu ya kukiri dhambi ambayo alidhani ni yake peke yake. Shangazi anasikiliza. Akamsikiliza mchungaji, akamsikiliza fundi, akamsikiliza yule wa rangi. Uso wake haukusema kitu. Mwisho akasogea Mzee Kufuli, akasimama pembezoni mwa tuta, kwa mara ya kwanza viatu vile vikiwa ndani ya uzio.

"Mama," akasema. "Na mimi moja."

Shangazi akamwangalia. Akaangalia viatu. Akatuangalia wote, kanisa zima limejipanga kwenye harufu ile, macho yanatutoka machozi. Nikaona tumbo lake linaanza kutikisika. Birika likapanda. Likapanda. Likalipuka.

Kuku wa Baba Kuku, upande wa pili wa gereji, tuliwasikia wanavyopigana kutoka.

Alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye ndoo, akacheka amekaa chini. "Mchungaji mawili!" anasema, anajifuta macho. "Mawili! Mungu wangu, mmenipenda mpaka mmeniua!" Na sisi wengine tukashindwa, hata mchungaji, hata Mzee Kufuli alitoa kitu kama kikohozi ambacho baadaye alidai kilikuwa kicheko.

Akainuka akakung'uta sketi. "Haya. Mlileta kwa kujificha, mtazoa mchana kweupe. Mtu asiondoke. Shikeni majembe."

Tukazoa. Watu waliokuja kuchukua mboga Jumamosi ile nao walishika majembe kama kawaida, wakaondoka na majani ya viazi vitamu yaliyookoka kwenye uzio, wachache wachache, lakini hakuna aliyelalamika, maana kicheko walichopata walisema kinawatosha hadi wiki ijayo. Mbolea tuliirundika kona moja ioze kama inavyotakiwa. Udongo tukaupindua, tukaumwagia maji mengi, tukauacha upoe. Kabichi zilikwishakufa, kuzipanda upya kusingewahi mavuno. Ila mchicha unawahi. Shangazi akapanda mchicha mtupu, tuta baada ya tuta.

Na kikao? Kikao hakikubadilisha kitu. Mimi nilimfuata Mzee Kufuli nikamwambia, mzee, baada ya haya yote si mfute yale makubaliano. Akaniambia mkataba ni mkataba, na shangazi naye, kichwa ngumu yule, akamuunga mkono! "Nilisema mbele za watu," akasema. "Kikapu kimoja." Basi nikawa naenda kila jioni kuutazama ule mchicha kama mama anayetazama mtoto mgonjwa. Ukatoka. Ukasambaa. Halafu ule udongo ulioshiba ukaamka, na mchicha ukaanza kurefuka kwa fujo, majani mapana kama sikio la mbuzi.

Siku ya mavuno watu walikuja hatujapata kuona. Kisa cha magunia kilikuwa kimesafiri mitaa yote, kila mtu anataka kuliona shamba lililouawa kwa siri. Vikapu vya kanisa viliisha, watu wakaja na ndoo, beseni, mifuko. Shangazi getini, buti na ufunguo, "Karibu, shika jembe, karibu, shika jembe." Akafika Mzee Kufuli, shati jeupe, viatu kioo.

"Karibu. Shika jembe."

"Mama, mimi nimekuja kukagua tu."

"Ukiwa umeinama utakagua vizuri zaidi." Akamsukumia jembe mkono mmoja na kikapu mkono wa pili. Mzee akatazama huku na huku aone ataviacha wapi, hakuna aliyempokea. Akaingia.

Nilimweka jicho asubuhi nzima. Mwanzoni analima kama anayegusa nyoka na fimbo. Baadaye akakunja mikono ya shati. Baadaye kabisa nikamwona anabishana na fundi cherehani namna ya kukata mchicha, kwamba ukiacha shina unachipua tena. Viatu sikuvitambua, vilikuwa na rangi ya udongo mpaka kwenye kamba.

Watu wakakata, wakaondoka. Wakakata, wakaondoka. Matuta yakapungua, yakabaki vipara. Mimi kila kikapu kinachotoka natazama: kina kitu, kina kitu, kina kitu. Jua limeshapanda. Mwisho akabaki mama mmoja mgeni, mara yake ya kwanza, mtoto mgongoni, anakata fungu la mwisho kwenye tuta la mwisho. Akalitia kwenye kikapu chake. Shangazi akapumua. Akina mama wa kwaya wakaanza kupiga vigelegele.

"Ngojeni," fundi cherehani akasema.

Mzee Kufuli alikuwa amesimama katikati ya shamba, jembe begani, na kikapu mkononi. Kitupu. Alisahau kukata. Alifanya kazi asubuhi nzima akasahau kukata.

Vigelegele vikakatika. Mzee akatazama ndani ya kikapu chake. Akatazama matuta, hakuna jani. Kila mtu ameelewa, hata wale wasiojua hesabu. Kikapu kimoja kikitoka kitupu. Nikaona mkono wa shangazi unapanda shingoni, unaishika ile kamba ya kiatu, anaanza kuivua. Angeitoa! Mimi nikakunja ngumi, nikajiambia mzee huyu leo akifungua mdomo kutaja maduka, namzika kwenye lile rundo la mbolea.

Yule mama mgeni hakujua lolote la kikao. Aliona tu mzee mmoja kachafuka matope, shati limeraruka kwapani, kasimama na kikapu kitupu na uso wa kupotea. Akamsogelea. Akatoa fungu lake, akaligawa katikati.

"Chukua, baba," akamwambia taratibu. "Usione haya. Na mimi leo nilizunguka nje muda mrefu nikiogopa kuingia. Lakini akina mama humu ndani wameniambia hapa hakuna anayetoka mikono mitupu."

Akamtilia kikapuni.

Nilidhani Mzee Kufuli atamweleza yeye ni nani, ana duka, ni mweka hazina. Sote tulimngoja amweleze. Akautazama ule mchicha.

"Ahsante, mwanangu," akasema. Halafu, "Huu unapikwaje? Mimi naishi peke yangu, nanunua chakula kilichopikwa."

"Aa, baba, rahisi!" Yule mama akaanza kumwelekeza pale pale, kitunguu kwanza, usiuache ukaiva sana, na mzee anatikisa kichwa, anarudia, kitunguu kwanza. Wakaja hivyo mpaka getini, wanazungumza.

Getini akasimama mbele ya shangazi. Shangazi kamba iko nusu, imekwama kwenye sikio. Mzee akainua kikapu kidogo, auone.

"Kina kitu," akasema.

"Nakiona," shangazi akasema.

"Jumamosi ijayo mnafungua saa ngapi?"

"Saa ile ile." Akairudisha kamba shingoni, akaiweka sawa. "Ila hivyo viatu uviache nyumbani. Nenda kwa Pilipili akuuzie buti."

"Kwa Pilipili?" Mzee akanitazama, na nikaona anakumbuka misumari yake. "Huyu ataniuzia bei ya kunikomoa."

"Nakukomoa," nikamwambia, "tena hupunguziwi."

Birika likaanza kupanda. Mzee Kufuli alikuwa bado mgeni wa kicheko kile, akaruka nyuma, mchicha ukamwagika, ikabidi wote tuiname kumwokotea.